Gari Lililogoma Kufumbua Macho

Wateja walimwita Mkono wa Tatu, kwa kuwa hakuna ukuta aliowahi kuupaka rangi mkono wa pili akaridhika. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa miaka hamsini na tisa, mpole kwa kila kitu isipokuwa rangi iliyotiwa maji mengi. Gari lake lilikuwa kuukuu, la enzi zile watengenezaji walipoona taa za mbele ni jambo la kusitiriwa: ukiziwasha, vifuniko viwili huinuka juu ya boneti kama macho ya chura aliyeshtuliwa, ukizizima, hulala.

Sasa wiki nzima vilikuwa vimelala fofofo.

Ukaguzi wa magari ulikuwa siku hiyo, saa tisa alasiri. Mkewe, asiye na tabia ya kurudia maneno, alikuwa amesema mara moja tu: gari likianguka ukaguzi, Jumatatu linauzwa chuma chakavu. Kisha akachukua futi, akapima pale lilipoegeshwa. Tangi la maji lingeenea vizuri sana.

Saa nne asubuhi akafika shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme wa magari.

"Shemeji, mgonjwa mwenyewe ndiye huyu?"

"Msalimie kwanza. Amekuzidi umri."

"Nimsalimie vipi na amenifumbia macho?"

Akachomoa fyuzi, akaiangalia kwenye mwanga: nzima. Akaazima rilei ya honi, ile swichi ndogo ya kupitishia umeme, akaichomeka mahali pa ile ya taa: vilevile. Akamwambia shemeji yake awashe swichi, naye akatega sikio kwenye pua ya gari.

"Mota inanguruma. Kuna kitu kinaizuia."

"Imechoka hiyo. Agiza nyingine."

"Haijachoka. Nani aliligusa gari hili mwisho?"

"Hakuna. Ni mimi tu, nililipaka rangi."

Fundi akainuka taratibu. Akapitisha ukucha kuutafuta ukingo wa kifuniko. Ukingo haukuwepo. Kulikuwa na wekundu mmoja laini kutoka kiooni hadi kwenye bampa, usio na mwanya wa kupita hata wasiwasi.

"Mikono mingapi, shemeji?"

"Mitano."

"Kwa brashi?"

"Brashi nzuri."

"Na taa zikiwa zimelala?"

Mkono wa Tatu akapitisha ukucha wake mwenyewe palepale. Miaka thelathini alikuwa akiwafokea wateja waache madirisha wazi mpaka rangi ikauke, yasije yakagandana na fremu.

"Kilichonichanganya," alisema hatimaye, "ni kwamba gari halina mapazia."

Shemeji akacheka mpaka akakalia tairi. "Kweli mganga hajigangi! Lete wembe."

"Njia ya umeme hakuna?"

"Ipo. Niilazimishe mota mpaka iungue."

Mkono wa Tatu alileta wembe, lakini hakumpa. Alikata mwenyewe, kwa uso wa baba anayemtoa mwanawe mwiba. Kifuniko cha kwanza kikaruka na utepe wa rangi. Cha pili kikabandua kipande cha upana wa kiganja, na chini yake ukachungulia ubuluu wa zamani, bila haya yoyote.

Saa tisa mkaguzi alilizunguka gari, akasema, "Washa." Macho yakafumbuka. "Zima." Yakafumba. Alirudia mara nne, na mara mbili za mwisho hazikuwa za kikazi. Akagonga muhuri.

Mkono wa Tatu akasoma fomu hadi chini. *Hali ya rangi: mbaya.*

"Mheshimiwa, hapa pana kosa."

"Mzee, umepita."

"Nimeelewa. Lakini andika: rangi nzuri, imechubuliwa na mwenyewe kwa sababu za kiumeme."

"Nikifuta neno moja, nakagua upya. Tunaanza na breki."

Shemeji, aliyezijua breki zile, alikuwa ameshaingia garini na kufunga mkanda. "Twende, shemeji! Umepita, baba, umepita!"

Mkono wa Tatu akaitazama fomu, akamtazama mkaguzi, akaziwazia breki. Akapanda.

"Mbaya!" alisema walipotoka getini, na akaendelea kulisema neno hilo njia nzima, kila mara kwa mshangao mpya.