Vyoo vya Kusugua Tu

Wenzake walimwita Kimya. Alikuwa mfanya usafi chuo kikuu, kwenye jengo la kitivo cha sheria. Alisugua vyoo vya ghorofa zote, lakini yeye na wenzake walikatazwa kuvitumia. Wakibanwa, kulikuwa na kimoja cha nje, nyuma ya karakana. Mwenzao mmoja mjamzito alikikimbilia mvua ikinyesha, akateleza kwenye ngazi za nyuma, mimba ikatoka. Msimamizi wao akasema ni uzembe.

Habari zikawafikia wanafunzi wa sanaa za maonyesho. Wakaja hadi stoo ya mafagio kuwaomba wafanya usafi waigize mkasa huo wenyewe. Wengi walikwepa, kila mtu na udhuru wake. Kimya akajikuta amekubali, na tangu siku hiyo usingizi ukampotea. Msimamizi akimwita hata kwa jambo dogo, moyo unamruka. Mwisho akamweleza dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye.

"Mdogo wangu, mdomo uliponza kichwa," dada akamwambia. "Ukifukuzwa, wanao watakula makofi ya watazamaji?"



Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Alipochungulia kwenye pazia akamwona msimamizi mstari wa mbele, ubavuni mwa mkuu wa kitivo, amekunja mikono. Alipoingia jukwaani na ndoo yake, maneno yote aliyofundishwa yalikuwa yameyeyuka. Akasimama tu, jasho likimtiririka, na watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyo. Kisha akasema, polepole:

"Mwenzetu alipoteza mtoto akienda chooni. Ile damu kwenye ngazi niliiosha mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa kitivo aliinamisha kichwa. Msimamizi akanyanyuka ili atoke, na alipofika mlangoni aligeuka akampima Kimya kwa macho, kama fundi wa majeneza.

Wanafunzi walitoka ukumbini moja kwa moja hadi utawala, wakakaa sakafuni mpaka amri ikatoka: vyoo ni vya wote. Kimya hakufukuzwa. Msimamizi naye hakufukuzwa. Alimhamishia Kimya jengo la maabara lililo pembeni kabisa, afanye kazi peke yake.

Dada humuuliza kama ilifaa. Humjibu kwamba wenzake sasa wanajisitiri kama watu. Usingizi ndio bado haujarudi.