Nilivyofunga makucha ya barafu kwenye pikipiki ya theluji hapa Joburg, na theluji yenyewe nilikuwa sijawahi kuishika

Wakuu, salaam nyingi kutoka Joburg, pande za Turffontein.

Hiki ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Mkiona naongeza chumvi niiteni muongo, ila ngojeni nimalize kwanza, maana uongo umo humu ndani na ni wa kwangu.

Ilikuwa 2017, mwezi wa saba, baridi imekaza kweli kweli. Mimi ni fundi wa uani. Natengeneza quad bike za magurudumu manne, jenereta, mashine za kukatia nyasi, chochote chenye engine ndogo.

Jumatatu asubuhi akaingia mzungu mmoja na bakkie, yaani pikapu kwa lugha ya huku, anaitwa Hendrik. Nyuma ya bakkie kabeba kitu sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Snowmobile, wakuu! Pikipiki ya theluji, Johannesburg!

Kwa ambao hamjaiona: mbele ina ski mbili. Nyuma haina tairi, ina mkanda mpana wa raba unaozunguka kama wa katapila. Ndani ya mkanda kuna reli mbili za alumini, ndizo zinazobeba springi na shokapu za nyuma.

Sasa kuna jambo lilinishangaza. Rejeta yake haina feni! Iko tumboni, juu ya mkanda, na inapozwa na theluji inayorushwa na mkanda wenyewe. Theluji ikiganda ikawa ngumu kama sakafu, hakuna kinachoruka, na engine inachemka.

Hendrik anafanya kazi kwenye mlima mmoja kule Lesotho ambako watu wanakwenda kuteleza. Hiyo mashine ndiyo inavuta machela ya kuburuza ya walioumia. Wiki iliyotangulia ilichemka katikati ya mlima, nyuma kuna binti kavunjika mguu. Walikaa naye kwenye upepo mpaka watu wakapanda kumbeba kwa mikono.

Akatoa pakiti. Ndani kuna vyuma viwili vya springi vyenye ncha ngumu. Wenyewe wanaviita ice scratchers, mimi nikaviita makucha. Unavifunga kwenye reli, vinaburuzika chini vikikwaruza barafu, unga unaruka, mkanda unauokota na kuupeleka kwenye rejeta. Basi.

Akaniuliza, "Umeshawahi kufunga hizi?"

Wakuu, mnatujua mafundi wa Bongo. Fundi gani anasema hajui? Nikamjibu, "Many times, boss. Sharp sharp."

Many times wapi? Theluji yenyewe naijua kwa kuiona juu ya mlima Kilimanjaro nikiwa ndani ya basi.

Akasema anakuja kuichukua Ijumaa, kwa sababu Jumamosi mlima unajaa watu. Akaondoka. Mimi nikabaki naizunguka ile mashine kama kuku mgeni.

Nikafungua karatasi ya maelekezo. Eish! Upande wa Kiingereza ulilowa mafuta, umekuwa mweusi wote. Uliobaki unasomeka ni wa Kifaransa.

Ila hapa Joburg Kifaransa sio tatizo. Jirani yangu Papa Kazadi ni fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi. Akaja na miwani yake, tepu ya kupimia iko shingoni, akasoma taratibu mpaka akafika pale penyewe: *vers l'arrière*.

"Banasema kwa nyuma," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "njo" ni "ndiyo". "Makucha njo inaenda kwa nyuma, ile pointe..."

Sikumngoja amalize, nikasema safi, nimekuelewa. Nikapima, nikatoboa zile reli za alumini kule nyuma kabisa, nikafunga makucha, nikakaza bolti. Yakakaa vizuri mpaka nikayapiga picha.

Samahani, kuna mteja aliingia. Naendelea.

Alhamisi nikataka kujaribu. Utajaribuje bila theluji? Nikanunua mifuko ya barafu pale garage ya petroli, nikaiponda, nikaishindilia na ubao kwenye zege la uani iwe njia ya kupitisha mashine. Haikutosha hata nusu ya njia.

Nikakumbuka dada yetu Mama Thandi ana friza kubwa. Huyu ni Mtanzania wa Morogoro, mumewe ni wa huku huku, walikutana enzi zile mume akiwa mkimbizi wa siasa kwetu. Nikamwandikia WhatsApp: "Dada, nina dharura, niletee barafu yote uliyonayo."

Wabongo mmeshajua kilichotokea.

Nusu saa akafika na ndoo mbili, anahema. Nafunua, naona barafu za ubuyu! Zile za kwenye vifuko, nyekundu, za kufyonza! Huwa anauzia watoto wa shule, na baridi hii hakuna anayezigusa, zilikuwa zimejaa friza.

"Dada, nilimaanisha barafu barafu!"

"Sasa hizi ni nini, uji? Mdogo wangu, umesema barafu, nimekuletea barafu. Usinichoshe."

Papa Kazadi alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikasirika, siwafichi, lakini muda ulikuwa hauniruhusu. Tukachana vifuko, tukaponda zile barafu, tukazishindilia kwenye njia. Uani kukawa kama machinjioni. Majirani wakajaa ukutani na simu zao.

Nikawasha. Wakuu, ile sauti! Mwili mzima ulinisisimka. Nikaongeza moto kidogo, mashine ikakita, ikapita juu ya njia, makucha yakakwaruza kweli kweli, unga ukaruka. Watu wakashangilia! Mama Thandi akapiga vigelegele. Nikashuka nimejaa, najiona bonge la fundi.

Papa Kazadi peke yake hakushangilia. Alikuwa anatazama ukuta.

Ukuta wa nyuma yangu wote ulikuwa mwekundu. Ubuyu ulikuwa umeruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Nikainama na tochi nikaangalia tumboni kwenye rejeta. Nyeupe, kavu, hata tone jekundu moja hakuna.

Unga wote unatupwa nje nyuma. Rejeta haipati kitu.

"Papa, si ulisema kwa nyuma?"

Mzee akanijia juu. "Nilikuwa nakuambia pointe njo inaangaria nyuma! Hapana chuma yote kwenda nyuma! Wewe unasikia na drill, hausikii na masikio!"

Ndiyo hivyo, wakuu. Ncha ndiyo inatazama nyuma. Chuma chenyewe kinafungwa mbele ya reli, ili unga ukiruka ukute mkanda wote bado uko nyuma yake kuuokota. Lile neno "nyuma" lilikuwa sahihi, mimi ndiye nilikimbia nalo kabla mzee hajamaliza sentensi.

Na mnajua nini? Kama ile barafu ingekuwa nyeupe nisingeona kitu. Ningemkabidhi Hendrik mashine Ijumaa, mtu mwingine angekwama mlimani kwa sababu yangu.

Nikatoboa upya mbele, tukapita juu ya mabaki ya barafu. Nikaangalia tumboni: rejeta nyekundu chapa chapa! Nilimkumbatia Papa Kazadi mpaka miwani ikadondoka.

Ijumaa Hendrik akaja. Akainama, akayaona matundu manne ya nyuma niliyoziba na bolti.

"Haya ni ya nini?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, naapa. Ningeweza kumwambia ni ya kupitisha maji. Nikamkumbuka yule binti kwenye machela.

Nikamwambia, "Boss, nilikosea nikarekebisha. Sijawahi kufunga hizi. Hata theluji sijawahi kuishika."

Uso ulimbadilika ukawa mwekundu kuliko ukuta wangu. Mwisho akasema, "Panda kwenye bakkie. Ikichemka, machela utavuta wewe."

Nikapanda. Karatasi zangu zilikuwa sawa, mpaka wa Lesotho tukauvuka bila shida.

Sasa mlima ule, wakuu, siwezi kuuelezea. Weupe mpaka macho yanauma! Niliishika theluji nikacheka peke yangu. Hendrik ananitazama tu.

Jumamosi adhuhuri redio ikalia. Mama mmoja wa makamo kutoka Soweto kateguka goti kule juu kabisa. Njia yote imeganda, ngumu vile vile kama siku ya yule binti. Hendrik akaendesha, tukampakia, na kushuka mimi nimepiga magoti juu ya machela pembeni yake, nimemshika mkono huku analia, macho yangu yako kwenye taa nyekundu ya joto pale mbele.

Tukafika pale ilipochemkia wiki iliyopita. Hendrik akageuka akanitazama. Makucha yanakwaruza, unga unaingia tumboni, taa haijawaka. Tukapita. Moyo ulinidunda nikadhani mama atausikia!

Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa kazi hii siku nyingi?"

"Hapana mama. Theluji nimeishika jana."

Akaacha kulia. "Sasa hii mashine nani kaitengeneza?"

Nikasema, "Mimi."

Akanikazia mkono, hakuuachia mpaka tumefika chini.

Mafundi wenzangu, somo nililolipata ni hili: kusema "sijawahi" hakukunyimi kazi kama unavyodhani, ila kusema "najua" kunaweza kumwacha mtu kwenye baridi. Na mwenzako akikutafsiria, mwache amalize.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine alishawahi kujibu "naijua hiyo" halafu jasho likamtoka? Semeni, sitawacheka. Sana.