Nilijipanga na Stress, Karibu Raha Inirudishe kwa Pombe

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Hii ni yangu mimi mwenyewe, sio ya "rafiki yangu fulani". Anayetaka kucheka acheke, hata mimi nacheka nikiandika.

Mimi ni fundi wa nguo, nakaa mtaa wa West Indies na wife wangu, Mercy, na mtoto wetu Joy. Nina bipolar, ule ugonjwa wa akili unaokupandisha juu sana halafu unakuangusha. Pia nilikuwa mlevi. Huu ni mwaka wa pili sijaonja pombe. Dawa kila jioni, na kila Alhamisi group yetu ya watu walioacha ulevi.

Kila mtu aliniambia nichunge stress. Nikajipanga nayo kabisa.

Hakuna mtu aliniambia nichunge raha.

Basi dada yangu mdogo, Chebet, akasema anaolewa, na MC ni mimi. Mimi! Jamaa ambaye familia ilikuwa inamficha kwa sherehe nisiwaaibishe!

Nilifurahi mpaka usingizi ukahama. Siku ya tatu nikaosha carpet za plot yote, hata ya jirani ambaye hatusalimiani. Siku ya nne nikaanza kushonea wanaume wote wa ukoo suti. Kupima? Sikupima mtu.

Dawa nikaacha. Mtu mzima kama mimi anameza dawa ya nini? Group nayo nikaruka Alhamisi mbili, eti niko busy.

Mercy akaniuliza, "Baba Joy, umemeza dawa?"

Nikamjibu, "Unanipenda tu nikiwa mgonjwa?"

Hilo jibu langu bado linaniuma.

Siku ya harusi tuko kijijini Chepsaita. Nilishika mic kabla ya kuitwa. Watu walicheka mpaka pasta akapangusa machozi. Nilihisi naweza kuozesha kila mtu aliye kwa hiyo tent, hata waliooana tayari.

Halafu uncle mmoja akaniwekea glasi ya wine mkononi. "Moja tu, ya kumtakia dada mema."

Wakuu, sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilifikiria tu, mimi nimepona, moja itanifanya nini?

Glasi ilikuwa imefika kwa kidevu, mtu akanishika kiwiko.

Ni Abdi. Ana duka ya vitambaa town, na tuko group moja, yeye aliacha miraa na vidonge vya kulevya. Kumbe Mercy alikuwa amempigia bila kuniambia.

Hakunihubiria. Aliuliza tu, "Ndugu yangu, mara ya mwisho ulilala lini?"

Nikahesabu na vidole. Vidole vya mkono mmoja vikaisha bila jibu. Nikacheka, halafu nikajikuta nalia, na mic iko on! Tent nzima ikadhani nalilia dada. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nikampa Abdi ile glasi. Nikamfuata Mercy jikoni, nikamwambia, "Niliacha dawa siku kumi zilizopita. Nipeleke kliniki."

Akasema, "Ngoja nivae viatu."

MC akawa Abdi, na alimwita bwana harusi kwa jina la baba yake mpaka keki ikakatwa. Video tunayo.

Daktari alinieleza kwamba relapse, yaani kurudi nilikotoka, haikungoja glasi. Ilianza usingizi ulipopotea, nikaacha dawa, nikaruka group. Glasi ingekuwa tu mwisho wa safari. Na kwangu, raha iliyopita kiasi ni dalili kama huzuni. "Furahi," akasema, "lakini ulale."

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito, nisiwadanganye. Lakini nilimwomba Mercy msamaha, na sasa ana ruhusa: nikikosa usingizi siku mbili, anapigia daktari bila kuniuliza.

Wakuu mlioacha kitu, dalili yenu ya kwanza huwa gani? Andikeni, kuna mtu ataokoka akisoma.

Juzi Chebet alinipigia simu, ana mimba. Nikaruka ruka kwa nyumba kama mtoto. Halafu nikameza dawa, nikalala mpaka Mercy akaniamsha na chai.