Jumwa Haendi Popote

Mimi Mwanarusi ni mpishi wa nyumba ya watoto iliyoko nje kidogo ya Ukunda, na nikisema nimechoka msidhani ni kwa ajili ya masufuria. Masufuria nayaweza. Kinachonichosha ni jinsi watu wanavyotendewa humu ndani, na zaidi ya wote Jumwa.

Jumwa Kenga kwao ni Samburu ya huku kwetu pwani, kule barabara kuu ya Nairobi, watu wa mbuzi. Alikuja kuwa mama mlezi wakati ambao kila chumba kilikuwa na mlezi wake, dobi alikuwapo, na mishahara ilifika bila ya kuulizwa. Kisha mfadhili akachoka, au akafa, sisi hatukuambiwa. Bwana Chirau, meneja wetu, akapata njia nyingine: vijana wa ng'ambo wanaokuja kujitolea. Wanakaa wiki mbili, wanalipia kitanda na chakula chao, wanabeba watoto, wanapaka ukuta rangi. Mlango wa darasa umepakwa rangi mara nyingi hata siku hizi haufungiki.

Sisemi ni wabaya. Wengi wana adabu, na kuna mmoja aliyejifunza kukuna nazi vizuri kuliko binti yangu. Lakini kila kundi lilipoingia, mmoja wetu alitoka. Alianza dobi, tukaambiwa wageni watafua. Wageni wakafua siku moja, wakapigana picha wakiwa na mapovu, na nguo zilizobaki zikawa za Jumwa. Wakafuata walezi wenzake. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa wa mwaka, ukawa wa miezi sita, ukawa wa miezi mitatu, mwisho ukawa wa mdomo.

Siku mbaya ilikuwa Ijumaa, siku ya wageni kuondoka. Watoto walikuwa wakilia hata wengine wakitapika. Mtoto amemzoea mtu, amemwita mama, kesho hamwoni. Jumwa ndiye aliyewatuliza. Aliwafundisha wimbo wa kwaheri wenye makofi, na kila jioni akiwaogesha aliwaambia maneno yale yale: "Wageni huja wakaenda, msiwalilie. Mimi ni mwenyeji, siendi popote." Watoto wakashika. Ikawa wanaimba, wanapunga mikono, wanarudi kwenye mpira wao kabla gari halijatoka langoni. Aliyekawia kushika ni Fauzia, mtoto wa miaka kama mitano, ambaye alipoletwa hapa alikuwa hasemi kabisa. Neno lake la kwanza alilitamka mgongoni kwa Jumwa.

Basi Bwana Chirau akamwita Jumwa ofisini. Mimi nilikuwa napeleka chai, nikasikia yote, wala sikujifanya kiziwi.

"Mama Jumwa, hali ya ufadhili unaijua," Bwana Chirau alisema. "Mishahara ya walezi imeondolewa kwenye bajeti. Lakini hatutaki kukupoteza. Tungependa uendelee nasi kama mmoja wa wanaojitolea. Nauli yako tutaiangalia."

"Wale wakimaliza kujitolea wanarudi kwao, wanakula," Jumwa alimjibu polepole. "Mimi nina mama Samburu anangojea dawa."

"Hii ni kazi ya moyo, mama."

"Moyo nilikuwa nao hata nilipokuwa nikilipwa, Bwana Chirau."

Akamwambia kwamba ataondoka Ijumaa. Nduguye Kahaso ana kibanda cha chakula Kombani na alikuwa akimtaka siku nyingi, mshahara mdogo lakini unajulikana. Nilifurahi, nasema kweli. Nilimwambia, "Nenda, dadangu, na usigeuke nyuma."

Ijumaa asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, Jumwa alivua aproni yake, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akafunga begi lake. Bwana Chirau anapenda sherehe, akawapanga watoto barazani. "Haya, tumwimbie Mama Jumwa," akawaambia.

Wakaimba. Wakapiga makofi vile vile walivyofundishwa, wakapunga mikono, hakuna aliyetoa chozi, na wimbo ulipokwisha wakatawanyika kwenda kucheza. Jumwa alikaza uso. Fauzia peke yake ndiye aliyemfuata mpaka langoni, ambako mwenye bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki. Hakulia. Alimwangalia Jumwa, akamwuliza, "Kwani na wewe ni mgeni?"

Mimi nilikuwa nyuma yao na ufagio mkononi, nikimwomba Mungu Jumwa asijibu kitu, apande aende. Kweli hakujibu. Akateremsha begi begani, akamwashiria mwenye bodaboda aende zake.

Tangu siku hiyo Jumwa anajitolea. Amepewa fulana kama ya wale wageni. Watoto wakienda shule anashuka Diani kufua nguo kwenye nyumba za watu, ndiko zinakotoka dawa za mama yake, na saa kumi anarudi mbio kuwaogesha. Amekonda. Nilimkaripia, nikamwambia amejitia kitanzi mwenyewe, akaniuliza, "Ningemjibu nini yule mtoto, Mwanarusi?"

Na hasira zangu si juu yake yeye. Asubuhi ile ya Ijumaa, alipokwisha kuitundika aproni, kabla watoto hawajapangwa barazani, mimi niliitungua nikaifue, nimwekee atakayeshika nafasi yake. Bwana Chirau alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, akaniona.

"Iache hapo hapo msumarini, Mwanarusi," aliniambia. "Mwenyewe atarudi kuivaa."