Neno Lililofika Kahe Kabla ya Kiingereza

Jua la Kahe limeanza kuuma, na Hilaria Mmari hawezi kuliacha karai hata simu ikiita. Maji ya miwa yameshakuwa mazito, rangi ya asali. Anachota kidogo kwa upawa, anapoza, kisha anasugua tone kati ya vidole viwili.

"Bado," anasema, na kuongeza makapi motoni. Anasugua tena, uso unamkunjuka. "Sasa inakwaruza." Majirani wawili wanakuja kumsaidia kuliipua karai.

Hicho ndicho kipimo chake. Karai likicheleweshwa motoni, sukari guru inaungua. Likiwahishwa, inabaki uji usionunuliwa na mtu.

Hilaria, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mzaliwa wa Mwika, juu mlimani. Kihamba, shamba la ukoo la kahawa na migomba, kilibaki kwa kaka zake, kama ilivyo desturi, naye akateremka tambarare kulima miwa kando ya mfereji. Kilo moja anaiuza shilingi elfu tatu na mia tano, na mwaka wa ukame humlia faida yote.

Mwaka huu bahati imebisha hodi. Stella Kimaro, mwenye nyumba ya wageni huko huko Mwika, anataka mzigo wake wote, watalii wanywee kahawa. Sharti ni moja: kila Jumamosi mpikaji mwenyewe apande akawaeleze wageni kazi yake, kwa Kiingereza. Hilaria amekataa mara mbili. Akikataa na Jumamosi hii, Stella atatafuta mtu mwingine.

"Kiingereza ndicho kilichonitoa shuleni," anasema bila kuficha. "Kidato cha pili niliulizwa swali, ulimi ukaganda. Wenzangu wakacheka, nami sikurudi. Mpaka leo nikikutana na mzungu natazama viatu vyake."

Wiki hii alipeleka mzigo Moshi mjini kwa mteja wake wa siku nyingi, Urvashi, ambaye familia yake hupika na kuuza vitamu vya Kihindi kama ladu na halua.

"Mama Ronald, mbona umenuna hivyo?" Urvashi alimuuliza, akamvutia kigoda. Alipoelezwa, alicheka.

"Hiyo 'shuga' ya Wazungu unayoiogopa imetoka kwa mababu zangu. Kwa Kisanskriti, lugha yetu ya kale, walisema sharkara. Waajemi wakalichukua, Waarabu wakasema sukkar, ndilo hili sukari letu, kisha likavuka kwenda Ulaya. Mwingereza kalipata mwishoni kabisa, watu wameshakula na kunawa. Siku hizi hata mpenzi wake anamwita shuga."

"Na hiyo sharkara maana yake nini, Mama Khyati?"

"Hapo mwanzo? Changarawe."

Hilaria anasema mwili ulimsisimka. Alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Anaamini kabisa kwamba zamani hizo zisizohesabika, katika nchi asiyoijua, kuna mtu alisugua tone kama yeye, akasikia likikwaruza, akalipa jina. Jina hilo limepita kwenye vinywa vya wafalme na wapagazi, na bado linasema kilekile anachokisikia yeye Kahe kila anapopika.

"Nililia pale pale dukani, sioni haya kusema. Nilidhani Kiingereza kimeshuka kutoka mbinguni kikiwa kamili. Kumbe nacho kimepita nyumba kwa nyumba na bakuli, kama sisi tunavyoombana chumvi."

Sukari guru ikishamiminwa kwenye kalibu za mbao ili igande, ananawa mikono na kupiga simu.

"Shikamoo mama," Stella anaitikia.

"Marahaba mwanangu. Jumamosi napanda."

"Na Kiingereza, mama?"

"Neno moja ninalo. Nitaanza na hilo. Likiniishia, nitawaonjesha."

Mambo yakienda sawa, anataka kununua mashine yake ya kukamulia miwa, aache kukodi. Lakini hilo ni la baadaye. Anaiweka simu juu ya gunia.

"Naogopa," anasema. "Lakini nakwenda."