Jinsi Mtaa Wetu Ulivyopata Kuitwa Bandari

Mtaa wetu uko kando ya mto Sosiani, karibu kabisa na katikati ya Eldoret, na unaitwa Bandari. Bandari ya karibu yenye meli iko Kisumu. Sisi jina tulilipata kwa sababu ya baba yangu na mlango wa choo.

Baba alikuwa seremala kutoka upande wa ziwa, na alijisifu kwamba alijua kupiga kasia kabla ya kutembea. Jirani yetu, mzee Msomali mwenye duka, hakuamini hata neno moja.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha sana huko juu milimani, mto ukaingia mtaani. Kulipokucha, mwenye duka alikuwa amesimama juu ya kaunta, amekumbatia gunia la sukari. Sisi wengine tulikuwa tumekimbilia mwinuko wa kanisa, tunamtazama.

Baba akang'oa mlango wa choo, akaukalia, akaanza kupiga maji kwa mwiko wa ugali.

"Mwiko wangu!" mama akapiga kelele. Kuhusu mumewe hakutaja lolote.

Baba alipofika dukani alisema, "Panda, Mzee."

"Hii ni nini?"

"Ni meli."

"Meli gani inanuka hivi?"

Lakini alipanda, na sukari yake. Katikati ya barabara mlango ukapinduka. Maji yalikuwa ya kiunoni tu, ila kila mmoja alimng'ang'ania mwenzake, basi wakazama wote wawili. Walipoibuka wakikohoa, kanisa zima likashangilia: "Meli imefika bandari!"

Baba alishafariki. Juzi afisa mmoja wa kaunti, mama mpole, alikuja kuuliza historia ya mtaa ili iandikwe kwenye ubao. Mwenyekiti wetu akamwambia kwamba zamani walowezi walikuwa wakipakua mbao hapa kutoka kwenye mashua. Kwenye Sosiani, ambako kiangazi bata hutembea kwa miguu!

"Uongo," akasema mwenye duka, ambaye sasa ni mzee sana. Akaeleza yote, hata harufu.

Afisa akacheka. "Kwani huyo seremala alijua kuendesha chombo?"

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana. Lakini hakuna mwingine aliyekuja."

Nilijifanya natafuta simu mfukoni.

Ubao ulipoletwa, ulikuwa umeandikwa habari za walowezi na mbao zao. Mzee aliusoma hadi mwisho, akasonya, akaenda kufungua duka.