Uzito wa Kiswahili kwenye Simu ya Jilala

Coletha wa Katoro huandika programu za kompyuta nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Ukimuuliza kazi yake atakujibu kwamba anatengeneza simu, ili usimchoshe kwa maswali. Zamani alifundisha hesabu miaka mitatu. Mkono wa kusahihisha mitihani haujamtoka, na ndio uliomponza.

Kikundi cha wachimbaji wadogo kilimwomba ukurasa wa mtandaoni wa kuonyesha saa za kulipua baruti, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wanaowakodishia mitambo.

Sasa, simu inapoomba ukurasa hutanguliza orodha ya lugha anazozitaka mwenye simu, kila moja na uzito wake, kati ya sifuri na moja. Coletha hapendi desimali. Alizidisha kila uzito kwa elfu, 0.8 ikawa 800, na hapo hana kosa. Lakini lugha inayopendwa kuliko zote huja bila namba, na kanuni inataka isiyo na namba ihesabiwe moja kamili. Yeye akaipa sifuri, kama swali lililoachwa wazi kwenye mtihani. Sifuri katika orodha hiyo maana yake ni kwamba lugha hiyo haitakiwi kabisa. Orodha za kujaribia alizitunga mwenyewe, na mwalimu huyu akazijazia namba zote. Zikapita.

Siku ya kwanza ya ukurasa, Jilala, baba yake mdogo Coletha na mmoja wa wachimbaji hao, aliufungua saa tatu asubuhi. Simu yake iliomba Kiswahili, bila namba, kisha Kiingereza kwa 0.8. Akaletewa Kiingereza. Hakukielewa, ila aliiona 10:00, akaisoma anavyosoma saa kila mtu hapa: saa kumi, alasiri. Kiswahili kingemwambia saa nne asubuhi. Akashuka duarani, ndani ya shimo la machimbo.

Onesmo, anayeita majina kabla ya kulipua, alimkosa akamzuia fundi wa baruti. Walimvuta Jilala kwa kamba saa nne kasoro dakika sita. Hakuumia. Kikundi kilimsimamisha kazi mwezi mzima kwa uzembe, na mimi niliyekuwapo nakwambia aliinamisha kichwa kama mwizi.

Coletha alipata habari jioni. Alifungua programu yake, akaliona kosa kabla chai haijapoa, na akalia. Kesho yake akaenda kwa Jilala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe. Umetutengenezea kitu kizuri, mimi nikakiaibisha kwa kutojua Kiingereza."

"Baba, simu yako iliomba Kiswahili. Ilikiomba cha kwanza. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hukitaki."

Jilala hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

"Wenzangu wanajua?"

"Bado. Nimeshalirekebisha."

"Jana nimewaomba radhi watu kumi na wanane," alisema. "Mmoja mmoja, kwa jina. Hata vijana niliowafundisha kushika nyundo."

Coletha aliuliza afanye nini.

"Majina yao Onesmo anayo," Jilala alisema, akaingia ndani.

Coletha alikwenda kuyachukua majina, akamwendea kila mmoja kukiri kosa lake. Alipofika kwa mtu wa kumi na nane sauti ilikuwa imemkauka, na bado alisema yote, tangu mwanzo.